Somo la Leo: Chembe Inayongoja Kipimo

Leo tutajifunza juu ya vifaa vinavyoiga ubongo.

Ninyi mlioko Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, mnazijua kazi za kuchambua mawe. Katika migodi ya almasi iko mashine ya eksirei. Mawe hupita mbele ya miali yake, na almasi hung'aa. Mng'ao ukifikia kipimo kilichowekwa, hewa hupulizwa kwa nguvu na jiwe husukumwa kando. Usipofikia, jiwe hupita.

Chembe za ubongo wako hufanana na mashine hiyo. Kila chembe hupokea habari kutoka kwa nyingine na kuzijumlisha. Zikifikia kipimo, chembe hupeleka habari mbele. Zisipofikia, hungoja, nayo hutumia nguvu kidogo. Ubongo una chembe hizo kama bilioni 86, lakini hutumia wati 20 hivi tu, nusu ya balbu ya wati 40!

Kompyuta kubwa hula umeme mwingi mno. Basi wataalamu hujaribu vifaa vidogo vya oksidi ya vanadi. Oksidi hiyo ikiwa baridi huzuia umeme. Ikipashwa hadi digrii 68 hivi za sentigredi, huupitisha ghafula. Ikipoa, huzuia tena. F. J. Morin wa Marekani aliitangaza tabia hiyo mwaka 1959.

Vifaa hivi bado vinajaribiwa maabarani. Vikifaulu, mashine yenye akili itaweza kutumia betri ndogo, hata kijijini pasipo na umeme.

Swali: Chembe hufanya nini kabla ya kufikia kipimo?