Dhana ya Seva ya Kiunzi na Ushindani Wake kwa Mnunuzi: Mfano wa Kashikishi, Ziwa Mweru

1.0 Utangulizi

Kashikishi ni mji ulio ufukweni mwa Ziwa Mweru, Wilaya ya Nchelenge, Zambia. Kibemba ndiyo lugha ya wenyeji, Kiingereza ni cha ofisini, na Kiswahili huvuka maji pamoja na wafanyabiashara wa ng'ambo ya Kongo. Hospitali, shule au muuzaji wa samaki wa jumla anayetaka kuhifadhi kumbukumbu zake mwenyewe hukutana na istilahi "seva ya rafu". Makala haya yanafafanua dhana hiyo na kubainisha kinachoipa seva hiyo ushindani sokoni.

2.0 Rafu au Kiunzi?

Katika matumizi ya kawaida, rafu ni ubao wa kuwekea vitu. Msomaji wa hati ya zabuni anaweza basi kudhani kwamba kabati lolote imara litafaa. Sivyo. Seva hii huteleza juu ya reli na kukazwa kwa skrubu kwenye nguzo za fremu ya chuma, iliyosanifiwa kupokea mashine zenye upana wa mbele wa inchi 19, yaani milimita 482.6. Kimo hupimwa kwa kizio cha U, sawa na milimita 44.45, kiunzi kirefu cha kawaida kina U 42. Kwa sababu hiyo, "seva ya kiunzi" ni istilahi angavu zaidi: aliyenunua mashine bila kiunzi na reli zake amenunua nusu ya chombo.

3.0 Misingi ya Ushindani

Msingi wa kwanza ni usanifishaji. Kwa kuwa vipimo ni vya pamoja, kiunzi kimoja hupokea mashine za watengenezaji mbalimbali, na mnunuzi hafungwi na muuzaji mmoja. Wa pili ni nafasi: mashine kumi za U 1 hukaa katika kimo kisichofika nusu mita. Wa tatu ni matengenezo. Katika mashine nyingi za aina hii, diski na mojawapo ya vigavi umeme viwili hubadilishwa bila kuizima, na fundi aliye Lusaka huweza kuikagua kupitia mtandao. Kwa mji ulio mbali hivyo, sifa hii huzidi kasi.

4.0 Gharama Zisizoandikwa kwenye Bei

Seva inayotumia wati 300 mfululizo hula kilowati-saa 7.2 kwa siku, au 2,628 kwa mwaka, kabla ya kuhesabu upoozaji. Ukame wa 2024 uliopunguza umeme wa maji nchini Zambia ulidhihirisha uzito wa hesabu hiyo. Aidha, mashine ya U 1 hutegemea feni ndogo zenye mzunguko wa kasi na kelele. Ya U 2 hubeba feni kubwa zaidi. Hewa inayoingia inapendekezwa iwe kati ya nyuzi 18 na 27 za Selsiasi, sharti lisilo jepesi wakati wa joto kando ya ziwa.

5.0 Hitimisho

Ushindani wa seva ya kiunzi hutokana na wingi. Mwenye mashine moja huhudumiwa vyema na seva ya mnara, isiyohitaji kiunzi wala reli. Mwenye mashine kadhaa hunufaika na kiunzi. Hati ya zabuni itaje kimo kwa U, reli na wati, ili mnunuzi na muuzaji wazungumzie kitu kimoja.