Boksi la Chuma Halipigi Shoti

Wiki hii nimeulizwa mara nne. Kwanza na mama anayejenga Kigamboni, kisha na kijana aliyemaliza chuo cha ufundi juzi, halafu mara mbili na mafundi wenzangu wenye miaka mingi kazini. Swali ni lile lile: "Fundi, kati ya boksi la chuma na la plastiki, lipi halipigi shoti?" Mama yule namwelewa, yeye hajasomea. Fundi anayeuliza hivyo huku ameshika bisibisi na nyumba ya watu iko mikononi mwake, huyo simwelewi kabisa.

Boksi halizalishi umeme, wala halizuii umeme. Kazi yake ni kukaa ukutani, kupokea nyaya zinazotoka kwenye paipu na kuishikilia soketi isicheze. Kinachokupiga ni waya wa moto uliochubuka. Kinachofanya upigwe wewe badala ya umeme kukatika ni waya wa ethi, ule wa kijani na njano, ambao mtu hakuufunga au aliukata.

Imani hii haikuzuka hewani. Watu wanapigwa kweli kwenye nyumba zenye maboksi ya chuma. Fundi akiitwa, anang'oa la chuma, anaweka la plastiki, shoti inaisha, na mtaa mzima unajua kwamba chuma ni kibaya. Lakini alichofanya fundi huyo ni kuficha kosa. Waya uliochubuka bado uko ndani ya ukuta.

Nieleze nilichokiona kwa macho yangu. Niliitwa Mbagala, nyumba ya vyumba sita vya wapangaji. Mama mmoja kila akipangusa ukuta karibu na soketi ya friji kwa kitambaa chenye maji, anapigwa mkono mzima. Nikaweka testa kwenye skrubu ya soketi, ikawaka. Skrubu, si tundu! Nikakata umeme kwenye meni swichi, nikafungua. Boksi lilikuwa la tatu kwa tatu, kina chake milimita 25, na ndani zimesongamana nyaya sita za 2.5: tatu zinaingia, tatu zinaendelea soketi ya pili. Kuta za boksi zilikuwa zimezungushiwa tepu nyeusi raundi mbili, gundi yake imeyeyuka na kuchuruzika hadi chini. Waya mwekundu ulikuwa umebanwa kati ya ukingo wa boksi na mgongo wa soketi. Ukingo ule haukulainishwa, ulikuwa mkali kama wembe, umepita kwenye tepu, umepita kwenye ganda la waya, umefika kwenye shaba. Na nyaya za ethi? Zimekatwa zote mbili fupi, usawa wa mdomo wa paipu, ncha zimefungwa tepu. Aliyenitangulia alihitaji nafasi, akaona waya wa ethi ndio usio na kazi.

Mwenye nyumba alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema, "Si unaona! Nilimwambia aweke plastiki."

Basi tuchukue boksi la plastiki, tuliweke pale pale, na yale makosa mengine tuyaache kama yalivyo. Waya uliobanwa bado umebanwa. Testa haitawaka kwenye skrubu, hilo nakubali. Lakini nyaya za ethi bado zimekatwa, na soketi ile inalisha friji. Siku waya wa ndani ya friji ukichubuka na kugusa bati, friji zima linakuwa na umeme, kuanzia mlango hadi mpini, na yule mama anafungua mlango akiwa peku kwenye sakafu ya saruji. Boksi la plastiki litamsaidia nini hapo? Ethi haikuwekwa kwa ajili ya boksi tu. Iliwekwa kwa ajili ya friji, pasi, hita ya maji, mashine ya kufua na kila kifaa chenye mwili wa bati. Ndiyo maana nakasirika nikisikia kwamba ukitumia plastiki huhitaji ethi. Maneno hayo yanamvua mtu kinga ya nyumba nzima ili kutibu skrubu moja.

Na hiyo tepu, jamani, iacheni. Tepu ni ya kuwekea alama na kufunika kiungo kidogo kwa muda. Ikikaa kwenye joto gundi inalainika, tepu inajikunja, inaachia. Kuzungushia boksi tepu kwa ndani hakubadilishi chochote isipokuwa kupunguza nafasi ambayo tayari haipo.

Wapo pia wanaovuka upande wa pili: chuma hakiungui, kwa hiyo chuma kinazuia moto. Kweli chuma hakiungui. Lakini moto wa soketi hauanzii kwenye boksi, unaanzia kwenye skrubu iliyolegea. Hesabu yake ni ndogo. Kiungo kilicholegea kikiwa na ukinzani wa nusu ohmu tu, na soketi ikavuta ampia 13 kwa ajili ya hita, joto linalozalishwa pale ni 13 mara 13 mara 0.5, yaani wati 84.5. Pasi ya kulehemea redio ina wati 40 hivi, na inayeyusha risasi. Wewe una mara mbili ya hiyo, imejificha nyuma ya soketi, saa nzima hita ikiwa inachemsha. Na skrubu inalegea kwa nini? Mara nyingi kwa sababu nyaya zilisukumwa kwa nguvu ndani ya boksi lisilo na kina, zikawa zinaivuta soketi kama springi kila siku.

Kwa hiyo swali la kuuliza dukani ni kina. Wauzaji wetu wanataja upana tu, tatu kwa tatu na tatu kwa sita, kana kwamba boksi halina tumbo. Chukua tepu ya kupimia. Milimita 16 ni ya swichi ya taa yenye waya mchache, hapo hakuna soketi inayokaa. 25 ni ya swichi. 35 ni ya soketi ambayo ndiyo mwisho wa laini. Soketi inayopokea nyaya na kuzipeleka mbele, soketi yenye tundu za kuchajia simu au swichi ya kisasa ya kuwashia kwa simu, weka 47, na mkandarasi wa ukuta akilalamika kwamba anatindua sana, mwache alalamike. Tofali la inchi sita linaruhusu.

Sasa nieleze ethi yenyewe, maana hata wanaoifunga wengi wanaiamini kupita kiasi. Nyumba zetu nyingi ethi yake ni fimbo iliyopigiliwa ardhini nje ya ukuta. Chukua fimbo nzuri tu, yenye ukinzani wa ohmu 20. Gawa volti 230 kwa 20, unapata ampia 11.5. Breka ya soketi ni ya ampia 32. Ampia 11.5 kwake ni mzigo wa kawaida, haitakata hata ikae wiki nzima, na wiki nzima hiyo bati la friji lina karibu volti zote 230. Ndiyo maana fimbo bila RCD ni kazi nusu. RCD inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Zikipotea miliampia 30 njiani, inakata kwa muda usiozidi theluthi ya sekunde. Kwenye ile hesabu zinapotea ampia 11.5, kwa hiyo inakata papo hapo. Hiki ndicho kinachozuia shoti isiue. Fimbo, waya wa kijani na njano hadi kila boksi, na RCD ya miliampia 30 kwenye boksi kuu. Vikiwepo vitatu hivyo, ubishi wa chuma na plastiki unabaki wa bei na mahali.

Na mahali penyewe ni hivi. Karibu na ufukwe, ambako hewa ina chumvi na watu wanajengea mchanga wenye chumvi, plastiki nzito ni bora kwa sababu chuma kinaoza ndani ya lipu. Mbali na bahari, au jikoni kunakopigwapigwa, chuma kilichopakwa zinki kinakaa miaka. Ukiweka chuma, toa mkia mfupi wa ethi kutoka kwenye soketi hadi kwenye skrubu ya ethi ya boksi, na weka kipete cha mpira kwenye kila tundu la waya. Kwenye ukuta wa jipsamu kuna boksi lenye makucha ya kushika ubao, usilazimishe la kawaida. Nje au bafuni, boksi lenye alama ya IP65 na mpira wake, na tundu la chini tu ndilo lifunguliwe.

Dukani, dakika tano zinatosha. Chukua skrubu ya soketi, ipitishe kwa vidole kwenye masikio ya boksi. Ikiingia moja kwa moja bila kushika, au ikikataa, rudisha. Bonyeza tundu la kupasulia kwa kidole gumba. Likidondoka, bati ni jepesi mno. Boksi la plastiki liwe na vipete vya shaba nyeupe au njano vya kushikia skrubu. Kipande chake kilichokatika, kikiwashwa moto nje na kiberiti kikaondolewa, kizimike chenyewe. Kinachoendelea kuwaka huku kikidondosha matone si cha kuweka ukutani.

Waya ndio unaochakachuliwa zaidi, na sumaku mnayotembea nayo haisaidii. Alumini iliyopakwa shaba nayo haivutwi na sumaku. Kwaruza ncha kwa kisu, ukiona weupe ndani, ondoka. Au omba mizani. Roli la mita 100 la waya wa 2.5 wa shaba halisi lina uzito wa karibu kilo 3, la 1.5 karibu kilo 2. Roli jepesi kama la pamba si la shaba, hata likiwa na jina gani. Ganda liwe limechapwa jina la kiwanda na saizi kila baada ya hatua fupi, na nembo ya TBS iwepo.

Kariakoo bei ni nzuri, na vitu vizuri vipo pale pale vilipo vibovu, hata kwenye duka moja. Kinachotofautisha duka ni kama linatoa risiti ya EFD na linakubali kurudishiwa mzigo. Breka na RCD usinunue mezani barabarani. Hadwea ya mtaani nenda kwa kilichopungua tu. Mengine nunua kwa pamoja, ya aina moja, ili soketi na boksi vikubaliane. Na nenda na fundi wako mwenyewe. Duka linalompa fundi cha juu kikubwa kuliko mengine ndilo atakalokupeleka ukimtuma peke yake, na mtindo huo upo kwa sababu wenye nyumba mnataka kumlipa fundi ufundi wake nusu. Mlipeni ipasavyo fundi mwenye leseni ya EWURA, halafu mwambieni cha juu hamkitaki.

Nyumba ya Mbagala ilimalizika kwa siku mbili. Maboksi ya soketi yote tuliyatindua upya na kuweka ya 47, ya chuma, nyaya za ethi tukazirefusha hadi kila soketi na kila boksi, RCD ikawekwa. Testa haiwaki tena kwenye skrubu yoyote.

Wewe unayejenga sasa, kesho asubuhi nenda saiti kabla mpiga lipu hajaanza. Chungulia kila boksi. Usipouona waya wa kijani na njano umetokeza ndani yake, msimamishe mpiga lipu umwite fundi umeme arudi.