Sura ya Tano: Jiwe Linalokula

Muulize mtoto wa Unguja kule mwambani kuna nini, atakujibu: mawe. Hasemi hivyo kwa uzembe. Ndivyo alivyosikia tangu utotoni, mawe na miamba. Baba yake hutia nanga penye mawe. Mama yake hutembea juu ya mawe maji yakipwa, akichokoa pweza. Nyumba ya babu yake ilijengwa kwa mawe hayo hayo, na chokaa ya kutani ikachomwa kwa mawe hayo hayo. Mji Mkongwe kwa sehemu kubwa ni matumbawe yaliyopangwa yakawa kuta. Sasa akija mwalimu akaandika ubaoni "Tulinde matumbawe", mtoto ataunakili mstari ule kwa hati nzuri, kisha atafunga daftari. Jiwe la kulindwa la nini? Nani aliwahi kulionea jiwe huruma?

Hapo ndipo elimu ya mazingira inapokwama katika skuli zetu. Tunatanguliza makatazo, kitu chenyewe tunakiacha nyuma. Usikate mti, usitupe taka, usivue kwa baruti. Mwanafunzi anayakariri, anayajibu kwenye mtihani, anapata alama zake, na akitoka nje hakuna alichokiona tofauti na jana. Mimi nashikilia kwamba ujuzi mmoja uliotua mahali pake hufanya kazi ambayo makatazo kumi hayaifanyi.

Anza na ndimu. Okota ufukweni kipande cha tumbawe lililokufa, lile jeupe lenye vitundu lililotupwa na mawimbi, wala usivunje lililo hai. Kiweke mezani pamoja na gamba la chaza na kipande cha kigae. Kata ndimu, dondosha matone machache juu ya kila kimoja. Kigae kinanyamaza. Gamba la chaza linatoa mapovu madogo. Na lile "jiwe" nalo linatoa mapovu. Waache wanafunzi wainame, waweke sikio karibu. Halafu uliza swali moja tu, nawe unyamaze: kwa nini jiwe hili limefuata tabia ya gamba, halikufuata ya kigae?

Hawachelewi kufika. Gamba ni nyumba ambayo chaza alijijengea mwenyewe kwa chokaa. Basi na hili nalo alilijenga nani?

Alilijenga mnyama. Wataalamu humwita polipu. Ni kiumbe laini, mara nyingi mwenye upana wa milimita chache tu, mwenye mdomo mmoja uliozungukwa na minyiri midogo mfano wa ile ya pweza. Huchukua chokaa iliyoyeyuka katika maji ya bahari na kuilaza chini yake, tabaka juu ya tabaka. Akifa, chokaa inabaki, na wenziwe wanaendelea kujenga juu yake. Ndani ya mwili wake unaishi mwani mdogo mno, usioonekana kwa macho. Mwani huo hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia mwenyeji wake sehemu kubwa, naye huupa makazi. Ndiyo maana matumbawe ya kujenga miamba hutaka maji maangavu na ya kina kifupi, ambako jua linafika. Usiku polipu wengi hukunjua minyiri yao na kunasa vijidudu vinavyopita. Jiwe linakula.

"Mwalimu, kwani lina mdomo?" aliniuliza msichana mmoja wa darasa la sita. Nikampa kioo cha kukuzia, nikamwambia aangalie vile vitundu. "Kila kitundu unachokiona, mwanangu, kilikuwa na mwenyewe." Alitazama kwa muda mrefu, akakigeuza kipande huku na huku, kisha akakirudisha mezani taratibu kwa mikono miwili. Dakika chache nyuma alikuwa akikirusha na mwenzake kama kokoto. Sikuwa nimemkataza chochote.

Mahali ambapo jambo hili limefanywa kwa ukamilifu hapa kwetu ni Chumbe, kisiwa cha hekta 22 hivi, kiasi cha kilomita 12 kusini-magharibi ya Mji Mkongwe, chenye mnara wa taa uliojengwa 1904. Mwamba wake wa magharibi ulisalimika kwa sababu ambazo hazikuwa za uhifadhi hata kidogo: ulipakana na njia ya meli, na pwani ya jirani ilikuwa eneo la mazoezi ya jeshi, kwa hiyo wavuvi walikaa mbali. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar iliutangaza kuwa hifadhi na kuukabidhi kwa Chumbe Island Coral Park, kampuni iliyoanzishwa na Mjerumani Sibylle Riedmiller. Walinzi wake wa mwanzo walikuwa wavuvi wa vijiji vya karibu. Wageni hulala katika nyumba 7 tu, na wanacholipa ndicho kinachogharimia uhifadhi pamoja na safari za wanafunzi wa Zanzibar.

Kwa mwalimu, kisiwa kile ni kitabu kilichofunguliwa. Hakina maji matamu ya chini, hivyo mvua hukingwa kwenye mapaa na kuhifadhiwa katika birika. Vyoo vyake havitumii maji, vinageuza kinyesi kuwa mboji. Mtoto anayechota maji kila alfajiri hahitaji kuelezwa thamani ya paa linalokinga mvua. Akiliona mara moja, atarudi nyumbani na maswali kwa baba yake. Lakini kilele cha siku ni pale mwanafunzi anapovaa miwani na boya, akalaza uso majini. Wengi wao wameiona bahari kila siku ya maisha yao, na hawajawahi kuitazama kwa ndani. Wasichana zaidi. Mzazi ana haki ya kuuliza binti yake atavaa nini na nani atakuwa naye majini. Swali hilo lijibiwe mapema na kwa heshima, kwa mavazi ya stara na walimu wa kike, maana ukilipuuza umewanyima nusu ya darasa somo zima.

Majini pale hesabu nayo inapata uhai. Yapo matumbawe ya duara, makubwa kama matanuri, ambayo hukua kwa kiasi cha sentimita 1 kwa mwaka. Mwambie mwanafunzi akadirie kimo cha mojawapo. Kikiwa mita 1.5, basi lilianza kukua miaka 150 iliyopita, kabla mnara wa taa haujajengwa, kabla babu wa babu yake hajaoa. Nanga moja iliyotupwa vibaya inalivunja kwa pigo moja. Baada ya hesabu hiyo, habari za uvuvi wa juya na kigumi unaovunja mwamba hazihitaji mahubiri.

Lipo jambo gumu zaidi, nalo tusiwafiche watoto. Mwaka 1998 Bahari ya Hindi ilipata joto lisilo la kawaida, na matumbawe yakapauka kutoka pwani yetu hadi Maldives. Mwaka 2016 yakapauka tena. Maji yakizidi kwa nyuzi 1 tu kiwango cha juu cha msimu wa joto, na hali hiyo ikidumu majuma kadhaa, polipu huutoa mwani unaomlisha. Anabaki mweupe, mwenye njaa, na joto lisiposhuka hufa. Joto hilo halikuletwa na mtoto wa Pemba wala na mama yake anayepika kwa kuni. Ni dhuluma kumtwika mwanafunzi hatia ya moshi wa viwanda vya mbali. Mweleze chanzo chake kwa ukweli, kisha mwoneshe yaliyo mikononi mwa kijiji chake: nyavu, nanga, taka, na miguu inayokanyaga mwamba.

Kosa la pili, mbali na lile la kutanguliza makatazo, nimelishuhudia mwenyewe, na bado linaniuma. Katika skuli moja niliyofundisha tulipanda miche siku ya maadhimisho. Mgeni rasmi alikuja, picha zikapigwa, watoto wakaimba. Ikaja likizo ya Disemba, hapakuwa na wa kumwagilia, na mbuzi wakaimaliza. Tulipofungua, hakuna mwalimu aliyeuliza miche iko wapi, nami nilikuwa mmoja wao. Watoto walikuwa wakitutazama. Tuliwafundisha siku ile kwamba mazingira ni sherehe.

Tangu hapo nimeshika jambo moja: darasa lipewe kitu kimoja cha kuangalia kwa miaka mingi. Mahali pale pale, mwezi ule ule, kwa kamba ile ile ya kupimia. Mita 10 za ufukwe, wahesabiwe kaa, majongoo na mizizi ya mikoko, na daftari lirithiwe na darasa linalofuata. Mwalimu aliye Dodoma hana mwamba wa bahari, lakini ana kichuguu nyuma ya skuli, na watoto wake nao hudhani ni udongo tu.

Maswali ya wanafunzi yaongoze. Mwaka 1991 wanafunzi 12 wa Dar es Salaam walikutana nyumbani kwa Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, wakiwa na wasiwasi wao kuhusu waliyokuwa wakiyaona katika mazingira yao, na kikao kile kikazaa mpango wa vijana wa Roots & Shoots, ambao leo umeenea katika nchi nyingi duniani.

Na mama anayechokoa pweza mwambani aitwe darasani. Anajua bamvua na maji mafu bila kalenda, anajua shimo lipi lina mwenyewe na lipi limehamwa, na anakumbuka mwamba ulivyokuwa alipokuwa msichana. Akae kitini pa mwalimu, watoto wampe shikamoo na kumuuliza.

Mwalimu mwenzangu, usingoje boti wala bajeti. Kipande cha tumbawe kipo ufukweni, na ndimu moja inatosha darasa zima.