Mlima Uliochorwa na Mwenyeji

Serikali ikimgharamia mchoraji, inanunua nini hasa? Kwetu Kabambare, mkoani Maniema, swali hili lina uzito, kwa sababu tuna milima ya kuchora, ile inayoulisha mto Luama upande wetu wa mashariki, lakini fedha za mkoa ni haba. Jibu zuri linapatikana Tanzania, katika maisha ya mchoraji Sam Ntiro.

Ntiro alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, kwenye miteremko ya kusini ya Kilimanjaro. Alisomea uchoraji Makerere, chuo kilichoendeshwa kwa fedha za serikali za kikoloni. Mwalimu wake, Margaret Trowell, alikuwa akiwasimulia wanafunzi tukio, nao wakilichora kwa kumbukumbu, bila kielelezo mbele yao. Baadaye Ntiro alisoma katika chuo cha sanaa cha Slade, London, hadi 1955, lakini hakuiacha njia hiyo.

Njia hiyo ndiyo iliyoupa mlima wake sura ya pekee. Wageni wengi huuchora Kilimanjaro kwa mbali, theluji ikining'inia juu ya tambarare. Ntiro aliuchora kama mtu aliye ndani ya migomba: vilima vinapanda na kujaza turubai, na humo watu wadogo wanalima, wanavuna, wanajenga. Nyuso hazikuchorwa kwa undani. Mtu hutambulika kwa kazi anayoifanya. Katika mchoro wake mmoja wa 1956, wanaume wanampelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Mwaka 1960 mchoro huo ulinunuliwa na Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York.

Baada ya uhuru, Tanganyika ilimtuma Ntiro London awe balozi wake wa kwanza, kisha ikamkabidhi usimamizi wa utamaduni. Heshima ilikuwa kubwa, ila kila saa ya ofisini ilipunguza saa za kushika brashi.

Kwa maoni yangu, fedha ya umma huzaa zaidi inapolipia mafunzo na muda kuliko inapoagiza picha za kupamba ofisi. Makerere ilimpa Ntiro ufundi; Machame yenyewe alikuwa nayo tayari. Maniema nayo ianze na mwalimu wa uchoraji katika shule za Kabambare na Kasongo, rangi za kutosha, na posho ya kumwezesha kijana kuchora mwaka mzima. Kisha aachwe achague mwenyewe cha kuchora, maana yeye ndiye anayejua mlima unaufanyia nini mto, na mto unalifanyia nini shamba la mama yake.