Ndoo ya Lita 20: Mazoezi ya Nguvu na Mizigo ya Kila Siku

“Usibebe kitu kizito.” Kwa miaka mingi niliwapa wagonjwa wa maumivu ya kiuno ushauri huo, nikaamini kwamba nimetimiza wajibu wangu. Siku moja mama mmoja akaniuliza: “Sasa daktari, maji atateka nani?” Sikuwa na jibu. Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nami niliupima mzigo wake nikiwa nimeketi kitini.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Hivyo, anayejitwisha ndoo tano za lita 20 kwa siku huinua zaidi ya kilo 100, mbali na mtoto, kuni au gunia la mkaa. Muuguzi anayemgeuza mgonjwa kitandani naye yumo katika hesabu hiyo. Watu hawa hawana hiari ya kuacha kubeba. Lililo ndani ya uwezo wetu ni kuiandaa miili yao iweze kubeba.

Mapumziko yanapogeuka madhara

Misuli isiyotumika husinyaa. Hata kwa mtu mwenye afya njema, misuli huanza kupungua polepole baada ya umri wa miaka 30, na kasi huongezeka uzeeni. Mgonjwa anayejilaza kwa majuma kadhaa kwa hofu ya kuumia hupoteza nguvu zaidi. Anaporejea kisimani hukuta ndoo ni ileile, lakini mwenye kuibeba amepungua.

Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unapendekeza mazoezi yenye mpangilio kuwa sehemu ya matibabu. Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2020 unawataka watu wazima wote wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa juma.

Ndoo inavyokuwa nyepesi

Chukulia kwamba uzito mkubwa kabisa unaoweza kuuinua ni kilo 25. Ndoo ya kilo 20 itadai sehemu nne kati ya tano za uwezo wako, na kosa dogo la mkao litatosha kukuumiza. Uwezo ukifikia kilo 40, ndoo hiyohiyo itadai nusu tu. Sehemu inayobaki ni akiba, na akiba hiyo ndiyo inayokulinda unapoteleza au unapochoka.

Katika majuma ya mwanzo, nguvu huongezeka hasa kwa sababu mishipa ya fahamu hujifunza kuiamuru misuli vizuri zaidi. Baadaye nyuzi za misuli zenyewe hunenepa. Kano na mifupa huimarika pia, ila kwa mwendo wa taratibu, na kwa hiyo haraka haifai.

Umri si kizuizi. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 1990 uliwafuatilia wazee dhaifu wenye umri wa takriban miaka 90. Baada ya majuma 8 ya mazoezi, nguvu za mapaja yao ziliongezeka, kwa wastani, zaidi ya maradufu.

Mazoezi kwa kutumia kidumu

Fanya mazoezi haya siku mbili au tatu kwa juma, ukipumzika siku moja katikati. Kila zoezi lirudiwe mara 8 hadi 12, kwa mizunguko miwili.

1. Keti kwenye kiti imara, kisha simama bila kushika kitu.
2. Weka kidumu cha lita 5 mbele ya miguu. Rudisha makalio nyuma, kunja magoti, kisha kiinue kikiwa karibu na mwili.
3. Egemea ukuta kwa viganja, kunja viwiko, kisha jisukume kurudi.
4. Beba vidumu viwili, kimoja kila mkono, utembee hatua 20. Zoezi hili lifanywe mara mbili tu.

Toa pumzi unapoinua. Usiibane, hasa ukiwa na shinikizo la damu. Ukimaliza mara 12 bila taabu, ongeza lita moja. Maumivu yakizidi hadi kesho yake, punguza.

Mipaka

Mazoezi hayahalalishi kila mzigo. Tangu mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani limependekeza kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55 peke yake. Gunia la kilo 100 ni la kugawanywa, hata kwa mwenye nguvu.

Nenda hospitali bila kukawia iwapo maumivu ya mgongo yanaambatana na udhaifu wa miguu, ganzi kati ya mapaja, kushindwa kuzuia au kutoa mkojo, homa, au kukonda bila sababu. Kifua kikuu cha uti wa mgongo huweza kuanza hivyo. Wajawazito na wenye maradhi ya moyo waanze kwa ushauri wa mtaalamu.

Kwa wahudumu wenzangu: kabla ya kuandika “asibebe”, ulizeni kwanza anabeba nini, mara ngapi, na nani wa kumsaidia. Mama yule tulikubaliana ateke nusu ndoo kwa muda huku akifanya mazoezi. Safari za kisimani ziliongezeka, lakini hakulazimika kuacha kuteka maji.