Mama Amerudi Nyumbani na Nyonga Mpya

Leo nazungumza nawe unayemtunza mgonjwa aliyebadilishiwa nyonga. Huenda ni nyanya aliyeanguka akavunjika. Huenda ni kijana mwenye selimundu, ambaye mfupa wake wa nyonga ulikufa kwa kukosa damu.

Kiungo cha bandia alichowekewa kina nguvu, lakini misuli inayokishikilia bado haijapona. Katika wiki 6 hadi 12 za kwanza, nyonga inaweza kuteguka kwa urahisi. Kwa hivyo, mpaka daktari aruhusu, mgonjwa asiiname sana wala kukaa magoti yakiwa juu kuliko nyonga. Asikunje nne. Asigeuze mguu wa upasuaji kuelekea ndani.

Hapa kwetu Kibera na Kawangware, hatari kubwa ni choo. Choo cha shimo humtaka mtu achuchumae, na mgonjwa huyu hafai kuchuchumaa hata kidogo. Mwambie fundi atengeneze kiti imara cha mbao chenye tundu katikati, kirefu kiasi cha nyonga kubaki juu ya magoti. Kiweke juu ya shimo. Usiku kitumie ndani ya nyumba, ndoo ikiwa chini yake, ili mgonjwa asiruke mitaro gizani.

Kigoda kiweke mbali. Ikiwa godoro liko sakafuni, azima kitanda. Alalapo, mwekee mto katikati ya miguu. Kupika kwa jiko lililo chini, kufua kwenye beseni na kubeba mtungi wa maji ni kazi zenu wengine kwa sasa. Mvalishe viatu, asijiinamie mwenyewe.

Lakini msimwache kitandani siku nzima. Kulala tu huleta damu kuganda miguuni. Atembee kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, akitumia magongo. Akipanda ngazi, mguu mzima utangulie. Akishuka, yatangulie magongo pamoja na mguu wa upasuaji. Dawa ya kuzuia damu kuganda aimalize hata akijisikia vizuri.

Majirani watakuja na mafuta ya kukanda. Washukuru kwa upendo wao, lakini nyonga hiyo isikandwe.

Mpeleke hospitali mara moja ukiona haya: kidonda kikitoa usaha au kuwa chekundu na moto, homa, mguu kuvimba na kuuma nyuma chini ya goti, kifua kuuma au pumzi kumpungukia. Mguu ukiwa mfupi ghafla, ukigeuka na kushindwa kusimama, nyonga imeteguka. Usijaribu kuuvuta, wala usimpakie kwenye bodaboda. Tafuta gari alale.

Mama, wiki hizi ni ndefu na zinachosha. Gawana kazi na watoto na majirani, nawe upumzike. Haraka haraka haina baraka.