Kuihami Hospitali Wakati wa Vita

Tangu mwaka 1864, mataifa yalipokutana Geneva na kuafikiana ya kwamba majeruhi wa vita na wanaowauguza wasidhuriwe, alama ya msalaba mwekundu, na baadaye ya hilali nyekundu, imekuwa amana ambayo kila mpiganaji amelazimishwa kuistahi. Na Mkataba wa Nne wa Geneva, wa mwaka 1949, ukaharimisha kuishambulia hospitali ya raia, hata ikiwa imetumiwa kumdhuru adui, ila baada ya kutolewa indhari isiyosikilizwa.

Walakini sheria, pamoja na utukufu wake, haizuii kombora lililokwisha kutupwa. Usiku wa manane, tarehe 3 Oktoba 2015, ndege ya kijeshi ya Marekani iliipiga hospitali ya shirika la matabibu la Médecins Sans Frontières mjini Kunduz, Afghanistan, ingawa pande zote za vita zilikwisha kujulishwa mahali ilipo. Wakafa watu 42, miongoni mwao matabibu, wauguzi na wagonjwa waliokuwa vitandani, wasiweze kukimbia.

Ndiyo maana wenye busara hujitayarisha mapema. Mjini London, mwaka 1940, Hospitali ya St Thomas' ilipopigwa mabomu, upasuaji uliendelea katika vyumba vya chini. Mjini Haifa, Israeli, baada ya makombora ya vita vya mwaka 2006, Hospitali ya Rambam ilijenga maegesho ya magari ya ghorofa tatu chini ya ardhi, ambayo ndani ya siku tatu huweza kugeuzwa wodi zenye vitanda 2,000: magari huondolewa, sakafu husafishwa, na nyuma ya vibao vya ukutani hutokea mabomba ya oksijeni yaliyokuwa yakingoja siku hiyo.

Hospitali isiyo na mali kama hiyo nayo ina la kufanya: kuweka akiba ya maji, damu na mafuta ya jenereta, kuwaondoa wagonjwa karibu na vioo vya madirisha, na kuwazoeza watumishi wake ni nani atamteremsha mgonjwa asiyejiweza, na kwa njia ipi.

Hata hivyo, tahadhari ya tabibu isigeuzwe udhuru wa mpigaji. Dola iliyotia sahihi mkataba ina wajibu wa kuwahoji majemadari wake yenyewe, hadharani, mbele ya wachunguzi wasio watumishi wake. Pasipo hayo, tutazidi kuchimba mahandaki ya wagonjwa, na dhulma itazidi kuwafuata humo humo.